Jukiboksi ya Ilungule

1

Yusta Mligo alikuwa fundi wa nyuki wa Ushirika wa Ilungule kwa miaka kumi na tisa, na katika muda wote huo hakuwahi kuitwa kutengeneza kitu kinachopiga kelele. Kwa hiyo shangazi yake Petronila alipomtumia ujumbe kwamba aje na bisibisi na tochi, alidhani pampu ya maji imekwama tena.

Alimkuta amesimama katikati ya ukumbi wa iliyokuwa baa yake, amevaa koti zito na soksi mbili mbili kwa ajili ya baridi ya Agosti. Magunia ya mbolea yaliyorundikwa ukutani miaka na miaka yalikuwa yameshushwa, moja baada ya jingine, na mwanamke wa miaka themanini na mmoja. Nyuma yake palikuwa na jukiboksi.

Yusta aliikumbuka. Ilikuwa sanduku la kufika kifuani, lenye kioo cha mviringo juu, nikeli pembeni, na safu mbili za vitufe vya herufi na namba. Ndani yake santuri arobaini zilisimama kwa ubavu kama sahani zinazokaushwa. Mume wa Petronila, marehemu Ngole, aliinunua kwenye klabu ya wafanyakazi wa reli ilipofungwa, na hata siku hiyo ilikuwa tayari kuukuu. Mteja alitumbukiza sarafu, akabonyeza herufi na namba, mkono wa chuma ukachomoa santuri na kuilaza chini ya sindano, na baa nzima ikasikia wimbo mmoja kwa wakati mmoja. Jambo hilo la watu wengi kusikia wimbo mmoja kwa wakati mmoja halikuwa limetokea Ilungule kwa miaka thelathini na mmoja.

Petronila alieleza shida yake bila kuzunguka. Daktari wa Njombe alikuwa amempima masikio. Sauti za juu zote zilikuwa zimekwisha; ndege hakuwasikia tena, na watu aliwaelewa kwa kuwatazama midomo. Sauti nzito zilikuwa zimebaki, nazo zingeondoka kabla ya Krismasi.

"Vinong'onezi vyenu vya masikioni kwangu ni mbu," alisema. "Mimi nimebakiwa na besi tu, na besi haiingii kwenye kidude cha ukubwa wa harage. Hii ina spika ya ukubwa wa ungo. Nataka niiegemee."

Yusta aliizunguka jukiboksi mara mbili. Alikuwa mtu wa kupenda vitu vilivyoharibika, na hicho kilikuwa kimeharibika vizuri.

"Nitaitengeneza, shangazi. Lakini haitalia. Unajua."

"Itengeneze kwanza," alisema Petronila.

2

Kila asubuhi Yusta alizunguka mizinga. Ilikuwa mia mbili na kumi na miwili, na kila mmoja ulikuwa na nyuki wa bati elfu sita, wadogo kama punje za mahindi. Nyuki wa kweli walikuwa wamekwisha bondeni kabla hajaolewa. Mwaka mmoja maua ya parachichi yalichanua yakafunika matawi, kisha yakapukutika yote, na miti ikabaki bila tunda hata moja. Watu waliuita Mwaka wa Majani. Uliofuata, ushirika ulileta hawa wa bati.

Walikuwa rahisi kwa sababu hawakuhitaji mnara wala setilaiti. Walisemezana kwa kuvuma. Mvumo wa chini ulimaanisha hapa pana maua, wa juu kidogo ulimaanisha hapa pameisha, na mvumo mrefu ulimaanisha nifuateni. Jioni walirudi mzingani, wakashikana miguu na kuvuma pamoja mpaka kila mmoja akajua alichojua mwenzake. Mizinga ya jirani nayo ilisikilizana, hata habari ya shamba la juu ikafika shamba la chini kabla hakujapambazuka.

Ubaya wao ulikuwa mmoja: hawakuweza kutofautisha mvumo wa mwenzao na gitaa la besi. Harusi ya kwanza iliyopigwa muziki baada ya wao kuja iliwaondoa mashambani siku nne. Ndipo mkutano ulipopitisha Utulivu. Hakuna spika, hakuna ngoma, hakuna kwaya, usiku wala mchana. Aliyetaka muziki alivaa vinong'onezi na kusikiliza peke yake. Kanisani nyimbo za kitabu zilisomwa kama barua. Maharusi walivuka mlima wakacheza upande wa pili, kisha wakarudi kimya kimya.

Yusta hakuwa na kinyongo na Utulivu. Wanawe watatu walisomeshwa na parachichi. Yeye ndiye aliyepita mashambani na kifaa cha kupimia sauti, na yeye ndiye aliyewahi kumnyang'anya mzee mmoja marimba yake.

Mchana, baada ya mizinga, alikwenda kwa shangazi. Panya walikuwa wamezaa juu ya transfoma. Kapasita zilikuwa zimevimba. Alizibadilisha kwa zile alizochomoa kwenye chaja mbovu za mizinga. Gurudumu la mpira lililozungusha santuri lilikuwa limekauka kama ganda la ndizi, akachonga jingine kutokana na soli ya buti. Vitufe alivisafisha kimoja kimoja kwa spiriti na kitambaa. Kilichomtesa ni ule mkono wa chuma, uliokuwa ukichomoa santuri, ukafika nusu ya njia na kusimama. Alihangaika nao wiki tatu kabla ya kugundua kwamba jino moja tu la gia lilikuwa limekatika. Alichonga jino jipya kwa shaba ya kufuli, akalitia kwa risasi ya kulehemu, akalipiga msasa siku mbili.

Petronila alikaa karibu naye juu ya kreti, akimenya viazi na kumweleza ni nani aliyekuwa akitumbukiza vifuniko vya soda badala ya sarafu. Alizungumza kwa sauti kubwa, kama watu wasiosikia sauti zao wenyewe. Yusta alijibu kwa kugeuza uso ili midomo yake ionekane.

Siku ya kujaribu, alizikata nyaya za spika kwanza. Alibonyeza K, kisha saba. Mkono ukaenda, ukachukua, ukalaza. Santuri ikazunguka, sindano ikashuka.

Hakutegemea kusikia kitu. Lakini sindano yenyewe, bila spika, hutoa sauti nyembamba sana ya kile inachokipitia, kama mtu anayeimba chumba cha tatu. Yusta aliinamisha sikio juu ya kioo. Alisikia gitaa, na mwanamume akiomba asubiriwe mlangoni.

Nyuki mmoja wa bati aliingia kwa upenyo wa dirisha na kutua juu ya kioo. Yusta alimshika kwa vidole viwili, akamtoa nje. Akarudi. Akamtoa tena, na safari hii alirudi na mwenzake. Yusta akainua sindano.

"Wamekuja?" aliuliza Petronila, ambaye hakuwa amesikia lolote. Yusta akaitikia kwa kichwa.

3

Alianza kwa njia iliyonyooka. Alikwenda kwa mwenyekiti wa ushirika, Eliakimu Mwalongo, akamkuta akikata matawi makavu shambani kwake. Alimsalimu, akamweleza habari ya masikio ya shangazi na ya jukiboksi, akaomba wimbo mmoja.

Mwalongo hakuwa mtu mgumu. Katika Mwaka wa Majani baba yake aliezua mabati ya nyumba yao akayauza, na familia ikalala chini ya turubai mpaka mvua za Machi. Hakuusahau mwaka huo. Alimsikiliza Yusta hadi mwisho, kisha akafuta msumeno kwa majani.

"Yusta, nionyeshe namna ya kumkatalia mtu wa pili, nami nitakupa ruhusa ya huyu wa kwanza."

Yusta alifikiri njiani kote kurudi, na hakuipata namna hiyo.

Alichokipata ni kingine. Ua la parachichi hufunguka mara mbili. Mara ya kwanza hufunguka likiwa jike, hupokea chavua, hujifunga. Kesho yake hufunguka tena likiwa dume, hutoa chavua. Miti ya aina moja huwa jike asubuhi, na ya aina nyingine huwa jike alasiri. Katikati, karibu na saa sita na nusu, pana muda ambapo maua ya asubuhi yamekwisha kufunga na ya alasiri hayajafunguka sawasawa. Nyuki wanakuwa hewani, lakini kazi ni ndogo. Nani angejua hilo kuliko yeye?

Alipima kuta za baa na kuziba madirisha kwa magodoro. Alipiga hesabu kwamba kwa sauti ya wastani besi ingefika hatua hamsini. Ndani ya hatua hamsini palikuwa na shamba moja tu, la Vaileti Nyigo, mjane mwenye miti kumi na minne.

Hakumwambia. Alijiambia kwamba ni dakika tatu tu, kwamba maua yanapumzika, kwamba kumwambia Vaileti ni kumtwisha siri. Ukweli ni kwamba aliogopa kukataliwa kwa mara ya pili.

4

Ilikuwa Alhamisi. Vaileti alikuwa ameshuka sokoni Makambako. Petronila alivaa gauni la kitambaa kizito cha kijani ambalo Yusta hakuwahi kuliona, akavua viatu ili asikie kwa nyayo. Yusta aliunganisha nyaya za spika, akatazama saa, akamwachia shangazi abonyeze mwenyewe.

Wimbo uliitwa "Nisubiri Mlangoni". Uliwahi kurekodiwa na bendi ya mafundi wa reli ambayo hakuna aliyeikumbuka tena. Ulianza kwa besi peke yake, noti nne zikishuka, kisha zikirudia. Yusta alizisikia tumboni kabla ya kuzisikia masikioni. Alikuwa na miaka ishirini na sita Utulivu ulipopitishwa. Mwili wake ulikuwa umesahau kwamba muziki una uzito.

Petronila aliegemeza kifua chake chote juu ya jukiboksi, na shavu juu ya kioo, kama mtu anayemkumbatia mgonjwa. Macho aliyafumba. Vidole vyake vya mguu vilianza kukanyaga sakafu.

Nyuki waliingia chini ya mlango. Mwanzoni walikuwa kumi, kisha mamia, kisha Yusta akaacha kuhesabu. Walitanda juu ya kioo mpaka taa za ndani zikawa za kahawia. Walitua juu ya mgongo wa Petronila, juu ya nywele zake nyeupe, na hakuwafukuza.

Wimbo ukaisha. Sindano ikanyanyuka, mkono ukairudisha santuri mahali pake. Yusta alisubiri shangazi asimame.

"Wimbo bado unalia," alisema Petronila, macho yamefumbwa.

Yusta akatazama tena sindano. Ilikuwa imetulia kwenye kikalio chake. Ndipo akasikia. Nyuki walikuwa wakivuma juu ya mbao, wote pamoja, noti nne zikishuka, kisha zikirudia.

Ilichukua nusu saa kabla hawajatawanyika. Yusta alikata nyaya, akamkokea shangazi moto, akaenda nyumbani akidhani kwamba jambo limekwisha.

5

Kulipopambazuka Ijumaa bonde zima lilikuwa likivuma wimbo ule.

Nyuki wa shamba la Vaileti walikuwa wamerudi mzingani jioni wakasimulia habari za siku, na mizinga ikapokezana habari hiyo mpaka juu mlimani. Sasa zaidi ya milioni moja walikuwa mauani, na kila mmoja, kabla ya kusema hapa pana maua, alivuma kwanza zile noti nne. Kutoka mbali ilikuwa sauti moja pana, ya chini, iliyotembea na upepo kutoka shamba hadi shamba.

Watu walitoka nje. Walivua vinong'onezi vyao wakavitia mifukoni. Mama mmoja alisimama barabarani na ndoo kichwani mpaka maji yakamdondokea mabegani, asiitue. Watoto wa shule walikaa juu ya ukuta na kutazama hewani. Wapo waliosema watengenezaji wa nyuki wametuma mabadiliko kutoka huko waliko. Mchungaji alisema yeye hajui, ila anashukuru. Jumamosi na Jumapili hali ilikuwa ile ile, na katika siku hizo tatu Yusta hakumsikia mtu hata mmoja akilalamika.

Yeye alishinda mizingani. Kila mzinga una kihesabuzi kinachoonyesha nyuki wametembelea maua mangapi, na kukisoma ni kazi ya fundi peke yake. Alisoma vihesabuzi vyote mia mbili na kumi na viwili. Nyuki walikuwa wakifanya kazi, lakini zile noti nne zilichukua muda, na muda huo ulitoka kwenye maua. Katika kila safari kumi, moja ilipotea.

Mwalongo alimfuata huko huko, Jumapili baada ya ibada, bado amevaa suti. Alisimama kidogo akisikiliza, mikono nyuma. Yusta aliona kwamba uso wake umebadilika, umekuwa kama wa kijana.

"Nimewaona wako mauani," alisema Mwalongo. "Wanafanya kazi, siyo?"

Alitaka kuambiwa ndiyo, na Yusta angeweza kumwambia. Tunda lingepungua kidogo Februari, watu wangelaumu baridi, na bonde lingebaki na wimbo wake miaka mingi. Hapakuwa na mtu mwingine wa kusoma vile vihesabuzi.

"Wanafanya," alisema. "Lakini safari moja katika kumi inapotea. Na ni mimi niliyewafundisha."

 Mwalongo alikaa chini juu ya jiwe, na suti yake, akaendelea kusikiliza.

6

Kabla ya mkutano Yusta alikwenda kwa Vaileti na kumweleza yote, hata ile hesabu ya hatua hamsini. Vaileti alikuwa akipepeta maharage. Aliendelea kupepeta mpaka Yusta akamaliza, akamwambia kwamba amesikia. Hakumkaribisha kukaa.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala Jumatatu mchana, milango wazi, na mvumo ukiingia. Yusta alisimama akarudia maneno yale yale. Wengi walizungumza, na karibu wote walitaka wimbo ubaki. Walisema moja katika kumi si kitu cha kuliza watu. Mwenye miti mia nane alisema angetoa hata moja katika tano.

Kisha Vaileti akainuka.

"Kwako moja katika kumi ni matawi," alimwambia mwenye miti mia nane. "Kwangu ni mti mmoja na nusu, na mti mmoja na nusu ndio unga wetu wa Januari na Februari." Akamgeukia Yusta. "Ningeulizwa, labda ningesema sawa. Sikuulizwa."

Alikaa.  Mwishowe Mwalongo aliuliza nani anataka wimbo ufutwe, naye akawa wa kwanza kuinua mkono baada ya Vaileti. Mikono mingine ilifuata polepole, mpaka ikatosha.

Palibaki namna ya kuufuta. Yusta alieleza kwamba mzinga mmoja ukibaki unavuma utaifundisha mingine upya, kwa hiyo lazima yote izimwe pamoja, siku mbili kamili, jambo ambalo halijawahi kufanyika wakati wa maua. Hasara ya siku hizo mbili ingemfikia kila mtu kwa kadiri ya miti yake, na miti kumi na minne ya Vaileti ingechavushwa kwa mkono, na yeye Yusta angeifanya kazi hiyo. Wakakubaliana pia kwamba baada ya kuiwasha mizinga atarudisha funguo za mizinga, na fundi mwingine ataombwa kutoka ushirika wa jirani. Hilo alilitaka mwenyewe.

"Katika siku hizo mbili," Mwalongo aliuliza taratibu, kama mtu anayepima neno kabla ya kulitoa, "bondeni kutakuwa na nyuki wa kusikia?"

"Hakuna hata mmoja," alisema Yusta.

Watu wakatazamana.

7

Jumatano asubuhi alizima mzinga wa mwisho, na bonde likanyamaza. Saa tatu magodoro yaliondolewa kwenye madirisha ya baa.

Walikuja wengi kuliko ukumbi ulivyoweza kuwachukua. Wazee walifika na makopo ya ulanzi, ile pombe ya mianzi. Vijana walisimama ukutani wakiwa na aibu, na walipoanza kucheza kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake, maana maisha yao yote kila mtu alikuwa na wimbo wake sikioni. Petronila, kifua juu ya jukiboksi, aliwatazama miguu akacheka. Akaanza kupiga ubavu wa sanduku kwa kiganja, noti nne, tena na tena, na vijana wakaanza kuutazama mkono wake. Alicheza na kuegemea siku zote mbili. Besi haikumwacha mpaka wiki ya pili ya Desemba, na ilipomwacha hakuonekana kushangaa.

Yusta hakuwa ukumbini. Alikuwa upande wa pili wa ua, juu ya ngazi, na unyoya wa kuku mkononi na kikombe cha chavua kiunoni. Mti mmoja wa parachichi una maua zaidi ya laki. Ukiyagusa mia tano kwa uangalifu, mti utakupa matunda. Vaileti alikuwa kwenye ngazi ya pili. Alikuwa amemwonyesha Yusta mahali pa kuanzia, kisha akageukia matawi yake, uso umefungwa.

Muziki ulivuka ua ukawakuta. Walimaliza mti wa kwanza, wakahamisha ngazi, wakapanda tena. Jua lilikuwa limepanda na maua ya kike yote yalikuwa wazi.

Kwenye mti wa tatu Yusta aliutupia jicho mkono wa Vaileti. Uso wa Vaileti ulikuwa bado umefungwa, lakini unyoya wake ulikuwa ukienda na besi, maua manne ukishuka, maua manne tena.  Yusta alichovya unyoya wake kwenye chavua, akashika tawi lililofuata.